Mpunga Uliouweka kwa Ajili ya Harusi Yangu

Mama,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, ila mkono wangu umekataa kuanza na neno jingine.

Nimeolewa, Mama. Nimeolewa na Elibariki, yule yule. Nakuandikia nikiwa kwenye nyumba yetu ya kupanga huku Sigino, mlango uko wazi, Mlima Kwaraa unaonekana wote maana leo hauna wingu, na kwenye jiko la mkaa kuna wali nimeupalia moto juu kama ulivyonifundisha. Pete inanibana kidogo nikiosha vyombo lakini sitaki kuivua. Jioni nikisikia bajaji inasimama nje moyo unaruka, halafu naona aibu, maana mtu mwenyewe nimeagana naye asubuhi. Ananiita mke wangu hata akiomba chumvi. Mama, nina furaha mpaka wakati mwingine naogopa. Halafu nageuka nikuambie, na wewe hupo.

Hapo ndipo ninaposhindwa. Furaha hii ilikuwa yako pia. Uliiona kabla yangu.

Unakumbuka siku ile ya kwanza alipokuja pale sokoni? Ameshika mifuko ya plastiki na lile bambo lake, ile fimbo ya chuma yenye uwazi, anaomba kuchoma kila gunia juu, katikati na chini ili apate mchele kidogo wa kupeleka maabara. Wauzaji wengine walimkatalia. Wewe ulimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, ukamuuliza, "Kijana, hiyo mashine yako ina meno mangapi?" Soko zima lilicheka. Hata Mama Happy wa meza ya pili alicheka, na wakati ule mlikuwa hamsalimiani kwa sababu ya ule ugomvi wenu wa nani akae kwenye kivuli. Eli akajibu kwa adabu, "Haina hata moja, mama." Ukachukua punje ya mpunga, ukaing'ata mbele yake, ikalia kach. Ukamwambia, "Basi ije ijifunze kwangu."

Tangu siku hiyo ukamwita Bwana Vipimo. Na yeye akawa analeta majibu kwa miguu yake, majibu ambayo angeweza kuyatuma kwa simu. Mimi nilidhani ni mtu mwenye bidii ya kazi. Wewe ulikuwa unapepeta, hukuinua hata kichwa, ukasema, "Yule hapimi mchele tu."

Ulimtania, lakini ulimsikiliza. Alipotueleza habari za sumukuvu, kwamba kuvu likiota kwenye nafaka yenye unyevu linaacha sumu isiyoonekana wala kunuka, haiondoki kwa kuchemsha, na inamla mtu ini taratibu, uliweka ungo chini. Wiki ile ile ulimwita fundi akutengenezee chaga za mbao, ukayainua magunia yote kutoka sakafuni. Mimi sikuuliza. Nilijua umeshamkubali.

Halafu posa ikaja, mkakubaliana, na kesho yake ukapanda gari kwenda Magugu mwenyewe kuchagua mpunga. Ulirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ulisema mchele mpya unashikamana, wa harusi lazima ukae, ukae mpaka ukipikwa kila punje isimame peke yake. Ukaupanga stoo, ukafunga mlango, ukatuambia wote, "Anayeugusa amenigusa mimi." Nilipokuonyesha picha ya gauni kwenye simu uliitazama kidogo tu. "Watu watalisahau gauni lako," ulisema. "Wali hawatausahau."

Sikujua kwamba nitakuja kulisikia neno lile kila siku.

Sitaandika sana kuhusu siku ile. Ulisema kichwa kinakugonga, ukakaa kwenye ndoo yako pale mezani kwako sokoni, ukaegemea gunia. Mama Happy ndiye aliyekuona wa kwanza. Alivuka ule mpaka wenu wa kivuli bila kufikiri, akakupakata kichwa mpaka gari likaja. Hospitali walisema ni presha. Hukuamka tena kuniambia chochote, na mimi nilikuwa nimeshika mkono wako wenye unga wa pumba kwenye kucha, nakuambia mambo ya harusi.

Ninachotaka kukuambia ni kuhusu mpunga.

Unajua misiba ya kwetu. Nyumba inatolewa vyote, makochi, meza, kabati, ili wafiwa wapate pa kutandika mikeka. Ndugu walikuja kutoka Dareda wengi mno, mpaka stoo ikahitajika kwa ajili ya kina bibi. Vijana wakatoa magunia yako wakayaweka nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku, wakayafunika turubai. Walifanya vizuri, walijua ni ya nini. Mvua ikaja alfajiri ile ya siku ya kukuzika, ile mvua ya upepo inayotoka upande wa ziwa, ikalipindua turubai. Nani alikuwa na macho ya kutazama turubai?

Tulipomaliza msiba kina mama wakaona magunia yamelowa. Wakayamwaga juani, wakayageuza kwa mikono, jioni wakayafunga tena kwa sababu watu walikuwa wanasubiriwa na gari. Niliwaona kutoka dirishani nikashukuru sana moyoni. Nikasema angalau mpunga wa Mama uko salama.

Miezi ikapita. Harusi tuliiahirisha, kisha ndugu wakasema yatosha, wewe mwenyewe usingependa tukae hivi. Wiki ya harusi tukaupeleka mpunga mashineni. Shangazi Restituta ndiye aliyeshika mambo yote ya jikoni, unamjua dada yake Baba akishashika jambo. Mchele ukatoka na punje za njano hapa na pale. Shangazi akasema hiyo ndiyo rangi ya mchele uliokaa, akajaza ungo, akaunusa, akalia. Mimi pia nililia. Ilikuwa kama umefika.

Eli alikuja jioni ile kuleta vyombo vya kukodi. Akautazama ule mchele. Akachota kidogo kiganjani, akausogeza kwenye mwanga, akauliza kwa upole kama anaweza kuchukua kidogo katika kila gunia. Nikamcheka. Nikamuuliza, "Unataka kumpima mama mkwe?" Yeye hakucheka, Mama. Ndipo nikaanza kuogopa.

Nilikwenda naye maabara. Sikutaka apime peke yake, nilitaka niwepo, kama vile mtu anavyotaka kuwepo mgonjwa wake anapotazamwa. Ni chumba kidogo, kinanuka spiriti. Alisaga mchele wa kila gunia mbali na wa gunia jingine, akauchanganya na maji ya dawa kwenye chupa, akautikisa, akauchuja kwa karatasi yakatoka maji meupe kama ya kuoshea mchele. Kisha akachovya vikaratasi vyembamba. Akanieleza tusubiri. Mistari miwili, nafaka ni salama. Mstari mmoja, sumu imezidi kiwango.

Nilikuwa nimekunja mikono kama nipo kanisani. Mstari wa kwanza ukapanda, mwekundu, safi. Nikasubiri wa pili. Nikasubiri, Mama. Nilikuwa naona vitu ambavyo havipo, nasema ule pale, unakuja. Gunia la kwanza, mstari mmoja. La pili, mmoja. Yote. Akachukua vikaratasi vipya akarudia tangu mwanzo, na nikajua anarudia kwa ajili yangu, kwa sababu yeye alikuwa ameshaelewa.

Nilimuuliza kama tukiuosha sana. Akasema hapana. Tukizichambua zile za njano? Hapana, Yasi. Tukiupika muda mrefu, tukiuchemsha kwanza tukamwaga maji? Alikuwa anatikisa kichwa tu na macho yake yamejaa. Nilikichukia kile kikaratasi. Kwa muda kidogo nilimchukia na yeye, nakuambia wewe kwa sababu yeye anajua. Akakaa kwenye kiti mbele yangu akanishika mikono yote miwili. "Nikinyamaza nitakuwa nimekuoa kwa uongo," alisema. "Nikisema, nitakuwa nimemkosea Mama."

Akasema. Tulirudi nyumbani Bagara akasema mbele ya ndugu wote, amesimama.

Ungekuwepo ungecheka jinsi Shangazi alivyoruka. Alisema tumekula ugali wa mahindi yenye kuvu tangu utoto na tupo hapa tumenenepa. Alisema mchele huu si chakula, ni mkono wa marehemu, na anayeukataa amemkataa mwenyewe. Kisha akamgeukia Eli. "Hajaingia kwenye ukoo," akasema, "ameshaanza kuwapima wafu." Baadhi ya watu waliguna. Mjomba mmoja akasema kama bwana harusi anaona kinyaa wali wa mkwewe basi akatafute kwingine. Eli alikuwa anaangalia chini. Niliiona harusi yangu inaondoka pale pale sebuleni, na sikuweza kumtetea bila kukukataa wewe. Ndivyo nilivyoona. Au wewe, au yeye.

Kisha nikalikumbuka lile jino lako.

Mama, wewe hukuwahi kufunga gunia bila kung'ata. Ulikuwa unachukua punje ya juu, ya katikati na ya chini, sawasawa na lile bambo la Eli, unang'ata, ikilia kach unafunga, ikilala kwenye jino kama karanga mbichi unarudisha juani hata kama jua lenyewe linazama. Sikupandisha sauti. Niliuliza tu, siku ile mpunga ulipolowa msibani, ukaanikwa, nani aliung'ata kabla ya kufunga magunia?

Mtoto wa mtu alikuwa analia nje.

Shangazi akakaa chini polepole kwenye mkeka. "Ni mimi niliyefunga," akasema. "Nilishika kwa mkono tu, juu. Gari lilikuwa linapiga honi. Sikung'ata." Halafu akalia, Mama, alivyolia hata siku ya kukuzika hakulia hivyo, siku ile alikuwa anapika. Nikakaa naye nikamkumbatia. Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna mtu mwenye msiba anayekumbuka kung'ata mpunga. Aliyekuwa anakumbuka ndiye tuliyekuwa tumetoka kumzika.

Sikuwa nimekukataa. Wewe mwenyewe ungeumwaga ule mchele, tena mbele ya watu, na ungetusema kwa kuufunga mbichi. Nililiona hilo wazi, na Eli akainua kichwa akanitazama, na kama kuna saa niliyofunga ndoa ni ile.

Shangazi alifuta uso akauliza, basi hata kuku tusiwape? Eli akasema hata kuku, wala pombe, wala nguruwe wa jirani. Kwa hiyo tukachimba shimo nyuma ya nyumba. Tukaumwaga, tukauchanganya na majivu, tukafukia. Mchele wa ule mpunga uliosafiri nao kutoka Magugu na vumbi kwenye nyusi. Ulikuwa unaanguka kwa sauti ile ile ya mvua ndogo, ile sauti ya wewe ukijaza kipimo cha mteja. Shangazi alianzisha wimbo wa mazishi bila kujua, sisi tukaitikia. Tulikuzika mara ya pili, Mama. Mara hii nilikuwa na akili zangu, na iliuma zaidi.

Baada ya hapo tulikuwa na wageni wanakuja, na hatuna hata punje. Shangazi alianza kuzungumzia makande. Ndipo bajaji ikaingia uani imeinama upande mmoja kwa uzito, na juu ya magunia amekaa Mama Happy, amevaa kitenge kile cha kanisani, kidevu juu. Sijui nani alimwambia, pale sokoni habari hazihitaji mguu. Hakunisalimia. Alimwambia Eli, "Pima. Pima yote, mbele yangu."

Eli akaleta vifaa vyake mezani pale uani. Mama Happy alisimama ameshika kiuno kama anayesubiri chenji. Mistari ikapanda miwili, gunia kwa gunia. Akainama akaviangalia vile vikaratasi, akasema kwake yeye mistari miwili maana yake ni mjukuu, watu wakapasuka kucheka, na mimi nikacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Nilipotaka kumshukuru akanikata. "Sikuja kwa ajili yenu," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya yule mkaidi. Huko aliko asije akasema nilimwacha mwanaye alishe watu makande siku ya harusi." Akavuta kitenge akajifuta macho haraka, akaanza kuwagombeza vijana washushe mizigo.

Kwa hiyo wali wa harusi yangu ulikuwa wa Mama Happy. Najua. Nakuona unavyokunja uso. Ulikuwa mzuri, Mama, samahani. Watu walirudia. Nilipendeza, gauni lilikuwa na mkia mrefu mpaka watoto wanaugombania, na Eli alipofunua shela alisahau maneno aliyofundishwa, akasema tu "Ee," na kanisa zima likacheka. Nilicheza mpaka kiatu kikakatika. Na katikati ya yote niliangalia kile kiti cha mbele mara nyingi. Tulikuwa tumekiacha wazi, tumetandika kitenge chako cha bluu. Wakati wa zawadi Mama Happy alikwenda akasimama nyuma yake, hakukaa, akapiga kigelegele kile kirefu. Nadhani alikuwa anakipiga kwa niaba yako. Nilidondokwa na machozi yakaharibu rangi zote usoni.

Sasa sikiliza. Juzi nimekwenda kusafisha chumba chako. Ni chumba pekee ambacho hatukukitoa vitu wakati wa msiba, tulikifunga. Chini ya kitanda nikakuta ile ndoo yako ya mfuniko. Nilikuwa nimesahau kabisa ile tabia yako ya kutenga kidogo katika kila mzigo, upate kulinganisha baadaye. Nikafungua. Ni mpunga. Punje ndefu nyembamba, wa Magugu, wa mzigo ule ule.

Nilikaa sakafuni. Niliogopa kuugusa. Nikachukua punje moja nikaing'ata.

Kach.

Niliusikia mlio huo mpaka kwenye masikio. Nikaupeleka kwa Eli, nikasimama pale pale nilipokuwa nimesimama siku ile mbaya, mikono nimekunja. Mistari ikapanda miwili. Eli alikiweka kile kikaratasi mezani taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika. Siku hizi na yeye anang'ata kabla ya kupima, Mama. Wenzake pale maabara wanamcheka.

Nikautwanga, na huo ndio wali ulioko jikoni. Umekaa, kama ulivyotaka. Kila punje imesimama peke yake.

Meza yako sokoni nimeichukua mimi. Chaga zako nimezihifadhi, turubai nimenunua jipya na zito. Mama Happy amesogeza meza yake, kivuli tunakigawana, ingawa ananisema kila siku kwamba napepeta kama mtu anayefukuza nzi. Nakuahidi sitafunga gunia ambalo sijaling'ata, na sitauza mzigo ambao Eli hajaupima, hata mteja awe amesimama na haraka yake. Na nakuahidi jambo jingine. Kila msiba nitakaoingia hapa Babati, kabla sijakaa mkekani, nitauliza nafaka za marehemu zimewekwa wapi. Nitakwenda kuzifunika mimi mwenyewe. Waniite mlafi, waniite mshamba, sijali. Mtu akifa, aliyekuwa anang'ata hayupo, na lazima mwingine ang'ate.

Nimesikia bajaji. Ni yeye, naijua kwa namna anavyomshukuru dereva. Inabidi niondoe makaa juu ya mfuniko.

Ukoko umeshika vizuri, nauona pembeni ya sufuria, wa kahawia, kama ule tuliokuwa tunagombania mimi na wewe mpaka kijiko kinapinda. Eli hapendi ukoko. Leo wote ni wangu, hakuna wa kuninyang'anya, na nimetamani mno uje uninyang'anye.

Kwaheri, Mama. Lala. Mpunga wako umefika mezani kwangu.

Mwanao,
Yasinta